Programu imepata toleo jipya: je, CD zako zinakiliwe upya?

Programu za kuripu CD, yaani kuhamishia muziki wa CD kwenye kompyuta, zikitoa toleo jipya tu, simu zinaanza kuingia kwenye duka letu la kunakili CD. Wapo wanaotaka katoni nzima irudiwe, na wapo wanaoona tuliwadhulumu: "Mlinitoza hela nyingi, kumbe kazi yenyewe imeshapitwa na wakati." Tunawajibu wote hapa, wateja wa Mbeya mjini na wanaotutumia CD kwa basi kutoka Makambako, Njombe na Tunduma.

Toleo jipya haliharibu faili la zamani. CD ya muziki ina sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, na FLAC, aina ya faili la muziki na programu inayolitengeneza, huzibana namba hizo bila kutupa hata moja. FLAC 1.5.0 ya mwaka 2025 inaweza kugawa kazi kwenye sehemu kadhaa za prosesa kwa pamoja, hivyo inabana haraka zaidi. Ukilifungua faili lake, namba ni zilezile za faili la miaka kumi iliyopita. Ukitaka faili liwe dogo kidogo, FLAC hubanwa upya kutoka kwenye FLAC yenyewe, CD haihusiki.

Cha kuuliza ni kama CD ilisomwa sawasawa siku ile, na hilo hujulikana mara nyingi bila kuigusa CD. Kwanza endesha amri ya flac -t kwenye folda nzima. Inalinganisha muziki na alama ya MD5, namba ya ukaguzi iliyohifadhiwa ndani ya faili lilipotengenezwa, kwa hiyo inakamata faili lililoharibika baada ya kutengenezwa. Haikamati mkwaruzo ambao draivu iliushindwa wakati wa kusoma: wimbo unaolia "tik tik" unaweza kufaulu jaribio hilo bila shida. Kwa hilo tunatumia programu ya CUETools, ambayo huilinganisha albamu na kanzidata za AccurateRip na CTDB, yaani matokeo ya watu wengine walionakili CD hiyohiyo. Zikilingana, usirudie chochote. Kosa likiwa dogo, CTDB mara nyingine hulirekebisha papo hapo. Sharti albamu iwe kamili na kwa mpangilio wake. Kama ulifuta wimbo, ulikata kimya cha mwisho au ulipandisha sauti, haitalingana.

Wanaohitaji kurudia kweli ni wenye MP3 au WMA za 128 kbps, mafaili madogo yaliyotupa sehemu ya muziki ili yabanwe. Na hapa ndipo njia ya mkato inapowaumiza watu: mtu anageuza MP3 kuwa FLAC, anaona faili limenenepa mara kadhaa, anaamini ubora umerudi, kisha anagawa CD zake. Haujarudi. Mchoro wa masafa, unaoonyesha sauti nzito hadi nyembamba, wa faili kama hilo kwa kawaida unakatika kama kwa rula karibu na kHz 16, wakati CD inafika 22. CD ikishagawiwa, hatuna pa kuanzia.

CD za kwaya ndizo zinazotusumbua zaidi, kwa sababu nyingi zilichomwa kwenye kompyuta. Igeuze uone: upande wa chini ukiwa na ukijani au ubuluu badala ya fedha tupu, imechomwa. Rangi hiyo ndiyo inayobeba muziki, na jua na joto huifubaza. Kwenye kanzidata mara nyingi haimo. Maana yake faili lako la mwaka 2012 linaweza kuwa bora kuliko CD yenyewe ilivyo leo. Tafadhali usifute folda ya zamani ili upate nafasi kwenye flashi kabla hatujalinganisha! CD ya namna hii tunaisoma mara mbili kwa programu ya Exact Audio Copy, hali ya usalama, na CRC za wimbo (namba za ukaguzi za kila usomaji) zisipofanana tunapunguza kasi au tunabadilisha draivu. Diski moja inaweza kula saa nzima. Kwenye vibanda vya kunakili CD inachukua dakika chache kwa sababu inasomwa mara moja, haikaguliwi, na huondoki na ripoti. Kwetu kila albamu ina ripoti yake ndani ya folda, ndiyo maana bei si sawa.

CD ikiwa na mikwaruzo au uchafu, usipake dawa ya meno. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Upande wa maandishi uuhurumie zaidi, kwani tabaka la fedha liko chini ya vanishi nyembamba tu. Likichubuka, hakuna polishi inayolirudisha. Na CD iliyotoka kwenye baridi ya Juni ya Makete iache hadi umande ukauke wenyewe kabla ya kuiingiza kwenye draivu.

Ukija dukani, leta kwanza diski ya kompyuta au flashi yenye mafaili, katoni ya CD ibaki nyumbani. Tutakuandikia orodha ya CD zinazohitaji kurudiwa, nawe utalipia hizo tu.