Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: daftari langu la kodi lina majina ambayo orodha yenu haina

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwangalizi wa ploti ya vyumba vya kupanga kando ya Mto Mathare, hapa Nairobi. Kazi yangu ni kukusanya kodi, kufungua maji asubuhi na kuamua ugomvi wa kamba za nguo. Naandika majina ya wapangaji wote kwenye daftari moja la mistari, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mto ulipanda hadi usawa wa dirisha. Tulipitisha watoto juu ya ukuta, mkono kwa mkono, mpaka kwenye ghorofa ya jirani. Kulipokucha matope yalikuwa magotini na harufu ya choo kila chumba. Mpangaji wangu wa chumba namba 7 ni mkimbizi kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Mtaani tunamwita mama wa vitenge kwa sababu ya biashara yake. Hakuulizia godoro wala jiko. Alikuwa anapekua matope akitafuta mfuko wa plastiki wenye karatasi zake za ukimbizi. Aliupata, umeingia maji. Alizibandua moja moja na kuzianika kwa vibanio kambani, pembeni ya sare za watoto wake. Ile yenye muhuri ilikuwa imebaki doa la zambarau.

Godoro utalipata soko la Gikomba. Karatasi ile ndiyo anayomwonyesha askari usiku akitoka sokoni.

Siku chache baadaye wakaja watu wa kuandikisha waathiriwa. Foleni ikapangwa, vitambulisho vikatolewa. Mama wa vitenge alipofika mbele aliambiwa yeye si wa hapa, arudi kambi ya wakimbizi. Aliyesema hivyo sitamtaja, na kusema kweli sidhani ni mtu mbaya. Fomu yake ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, basi.

Mzee wa Kisomali wa namba 9, aliyekuwa nyuma yake, alitoka kwenye foleni kabla hajafikiwa. Binti yake anaishi Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi kule Dadaab, na walikuwa wamezungumza kwa simu. Maji yalikuwa yameingia kambini pia, vyoo vimefurika, yeye na watoto wanalala darasani. Masika hayo watu karibu 20,000 walihamishwa na mafuriko katika kambi za Dadaab, wengi wao wageni wa miaka ya karibuni waliokimbia ukame Somalia. Na ilikuwa ni miezi michache tu tangu mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ziwatoe kwenye vibanda vyao. Sasa mama wa vitenge alikuwa anaambiwa arudi kambi ipi?

Halafu yakaja matingatinga. Serikali ilikuwa imeagiza watu waondoke kando ya mito, ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Sibishani nawe kuhusu kuacha wazi mita 30 za kingo za mto. Mimi mwenyewe nimeona mto unavyofanya kazi. Lakini Mkenya mwenzangu akibomolewa ana pa kukimbilia hata kama ni pabaya: anapanda matatu anaenda ushago, kijijini kwao, analala kwa mamake, anarudi mwezi ukiisha. Ushago wa namba 7 ni Uvira, na alitoka huko kwa sababu ya bunduki. Alihamia chumba kingine, hatua kama mia mbili chini, karibu na mto kuliko cha kwanza. Kodi yake ni nafuu, na mwenye nyumba haulizi maswali.

Wapo watakaosema Wakenya kwanza. Hata baadhi ya wapangaji wangu husema hivyo, hasa wale waliosubiri hizo pesa mpaka wakachoka kuniuliza. Sitaki mtu yeyote aondolewe kwenye foleni. Ninachotaka ni fomu iwe na nafasi moja zaidi.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema hati za mkimbizi au mwomba hifadhi zinatosha kumtambulisha anapotafuta huduma. Chifu anayesimamia orodha mtaani yuko chini ya wizara yako. Idara inayotoa hati za wakimbizi pia iko chini ya wizara yako. Huhitaji kumwandikia waziri mwingine. Waraka mmoja kwa machifu kabla ya mvua ungetosha: kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe wakati wa kuandikisha waathiriwa wa mafuriko, na karatasi ikiharibiwa na maji, chifu aandike barua ya kuthibitisha ili mtu apewe nyingine hapa hapa Nairobi, bila kushikwa wakati anasubiri. Na tahadhari zinapotangazwa, mtu atangaze kwa Kisomali na Kioromo pia. Usiku ule mzee wa namba 9 nilimwamsha mimi, kwa kupiga bati.

Daftari ninalo bado. Lilikuwa juu ya kabati, likalowa ukingoni tu. Lina kila aliyelala kwenye ploti ile Aprili 2024, chumba kwa chumba, Mkenya na asiye Mkenya, na tarehe aliyoingia. Ukituma mtu, nitamfungulia ukurasa.

Wako,
Mwangalizi wa ploti, Mathare