Barua kwa shemeji aliyekwama 1200

Shemeji,

Salamu za nyumbani zitakuja mwishoni, nianze na swali lako. Alama zako za sataranji mtandaoni zimelala pale pale 1200 na unauliza ununue kitabu gani cha ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo. Usinunue. Fungua michezo 20 ya mwisho uliyofungwa, na kwa kila mmoja tafuta hatua ambayo mchezo uligeuka. Mara nyingi utakuta kete iliyoachwa bila mlinzi, farasi aliyetishia kete mbili kwa mpigo, au mfalme aliyefungwa kwenye safu yake ya nyuma kwa kukosa kitundu cha kupumulia. Ufunguzi hauhusiki. Unapoteza vitu ambavyo ungeviona kama ungetazama.

Kwanza hiyo 1200 yenyewe isikunyime usingizi. Lichess, tovuti ya kuchezea, humwanzisha kila mgeni kwenye 1500 na hutumia hesabu ya alama iitwayo Glicko-2. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, hutumia hesabu nyingine, Elo, na tangu Machi 2024 sakafu yao, yaani alama ya chini kabisa, ni 1400. Ni mizani tofauti, usilinganishe. Cha kukumbuka ni kwamba katika hesabu ya Elo, anayekuzidi alama 200 anatarajiwa kuvuna kama pointi 76 katika kila 100. Hizo 24 zilizobaki ni zako, kwa hiyo usikubali sare mapema kwa kuogopa namba ya mtu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Wewe umelelewa kwenye bao na drafti, na kote huko kula ni lazima: ukiwa na mtaji, unakula. Mkono umezoea. Kwenye sataranji hakuna anayekulazimisha kula, ila mkono wako haujapata taarifa. Kete ikiliwa, unarudisha papo hapo; kete ikikaa wazi, unaifyeka. Weka ubao utazame mtego huu wa karne ya 18, wenye jina la Légal, mwalimu wa Philidor kule Paris. Mweupe asogeza askari e4 (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo), mweusi e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, askofu g4. Farasi c3, askari g6. Hapo farasi wa f3 anamla askari wa e5, na malkia mweupe anabaki wazi d1 mbele ya askofu wa g4. Mweusi akimla malkia, askofu mweupe anakula f7 na kumtisha mfalme, mfalme anakwenda e7, farasi wa pili anatua d5, mchezo umekwisha. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe. Angetulia sekunde ishirini angemla farasi wa e5 kwa askari wa d6. Malkia mweupe angemla askofu wa g4, na hasara yote ingekuwa askari mmoja.

Dawa yake ni utaratibu wa kila hatua, hata ile inayoonekana wazi. Mpinzani akishacheza, jiulize kete aliyoisogeza imeacha kulinda nini na imefungua njia ya nani. Watu huangalia kete ilikokwenda. Wizi mwingi uko kule ilikotoka. Kisha pitia, kwa pande zote mbili na kwa mpangilio huu: hatua zinazomtisha mfalme, hatua za kula, hatua zinazomtishia malkia. Ukishachagua hatua yako, ione kichwani imeshachezwa, halafu ujitafutie jibu baya kuliko yote ambalo mpinzani anaweza kukupa. Hapo ndipo wengi hukosea: huangalia vitisho kabla ya kuchagua, lakini si baada ya kuchagua, wakati kete iliyosogea ndiyo iliyokuwa inalinda kitu. Yote hayo huchukua sekunde 10 hadi 15.

Ndiyo maana michezo ya dakika 3 haikufundishi kitu. Cheza ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Kwa mchezo wa hatua 40, dakika 15 ni sekunde 900, nyongeza 400, jumla 1300: wastani wa sekunde 32 na nusu kwa hatua. Hatua za mwanzo unazozijua zicheze kwa sekunde tano tano, akiba iende kwenye hatua tatu au nne ngumu, dakika mbili hadi tatu kila moja. Utaijua hatua ngumu kwa ishara: askari wa katikati wanakaribia kulana, mmoja anataka kubadilishana malkia, au kuna kula kwa aina mbili na huna hakika. Ukimaliza mchezo ukiwa na dakika 11 kwenye saa, umecheza vibaya hata kama umeshinda.

Mafumbo: 15 kwa siku yanatosha. Chukua aina moja kwa wiki. Wiki hii farasi wa kutishia mbili, ijayo kete iliyobanwa isiweze kuhama bila kumfichua mfalme, nyingine ule mpango ninaouita mshikaki, ambapo kete kubwa ya mbele ikikimbia ya nyuma inaliwa. Usiguse kete mpaka umesoma mlolongo wote hadi mwisho, pamoja na majibu ya mpinzani. Ukiwa unapata chini ya 8 katika 10, punguza ugumu. Maana yake unabahatisha. Uliyokosa yaandike kwenye daftari uyarudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mafumbo yana udanganyifu mmoja: yanakwambia kuna kitu cha kupata. Kwenye mchezo hakuna anayekunong'oneza, na ndiyo sababu mtu hodari wa mafumbo anaacha malkia wazi.

Ufunguzi, kwa kuwa umeuliza. Ukiwa mweupe: e4, farasi f3, askofu c4, mfalme akajifiche kona ya karibu, kwa ile hatua moja inayomsogeza pamoja na ngome. Ukiwa mweusi, jibu e4 kwa e5, na d4 kwa d5. Hatua nane zinatosha, mradi kila moja unajua kwa nini. Jambo moja tu la kukariri: ukiwa mweusi umetoa farasi c6 na f6, na askofu wa mpinzani yuko c4 na farasi wake karuka g5, jibu ni d5. Akikula, usimrudishie kwa farasi wa f6. Farasi wake atajitoa mhanga f7, mfalme wako atoke nje, na utateseka mpaka usiku. Mpeleke farasi wa c6 akae a5, amfukuze askofu. (Unaona? Kutokula tena.)

Mwisho wa mchezo ndio unaolipa haraka, maana wa kiwango chako karibu wote hawaujui. Anza na mfalme na askari dhidi ya mfalme. Mfalme wako akiwa safu ya sita mbele ya askari wake, mathalani mfalme e6, askari e5, mfalme wa mpinzani e8, unashinda awe ni nani wa kucheza. Askari wa pembeni, a au h, ni habari nyingine: mfalme wa mpinzani akiwahi kona, ni sare. Kosa la kila siku ni kumkimbiza askari mbele na kumwacha mfalme nyuma.

Ukishalishika hilo, nenda kwenye mwisho wa mchezo wenye ngome. Mwenye askari safu ya saba, mfalme wake akiwa amekaa mbele yake na mfalme wa mpinzani amekatwa mbali, huipandisha ngome safu ya nne. Mfalme akitoka na kuanza kutishwa, anashuka hatua kwa hatua mpaka ngome iweze kumkinga. Anayejitetea askari akiwa bado nyuma huiweka ngome yake kwenye safu ambayo mfalme wa mshambuliaji anataka kuingia, na haondoki. Askari akishasogea hadi safu hiyo, ngome inashuka mwisho kabisa wa ubao na kumtisha mfalme kutoka nyuma, kwa sababu sasa hana pa kujikinga. Cheza hali hizo mbili dhidi ya kompyuta mara kumi kumi, ukibadilisha pande.

Injini, yaani programu ya kuchambua mchezo, usiiwashe mara tu mchezo unapokwisha. Pitia mwenyewe kwanza, siku hiyo hiyo, uandike ulifikiri nini na uliogopa nini. Kisha iwashe, na usimame pale tu namba yake, inayoonyesha nani anaongoza, inaporuka kwa 2 au zaidi, yaani thamani ya askari wawili. Tofauti ya 0.3 si ya kwako wala ya kwangu. Kila kosa lipe jina: sikuona, nilihesabu vibaya, sikujua, niliharakisha. Kwa michezo 20 daftari litakuambia ujifunze nini kuliko mwalimu yeyote.

Na ukijiandikisha mashindano, fanya mazoezi kwenye ubao halisi wiki mbili kabla; jicho lililozoea simu halioni askofu aliyejibanza kona ya mbali. Ukigusa kete yako, utaicheza. Unapomficha mfalme kona, mguse mfalme kwanza, ngome baadaye, kwa mkono mmoja. Saa uibonyeze kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Cheza kwanza, andika baadaye. Kanuni haziruhusu kuandika kabla. Simu iache nje ya ukumbi.

Nitumie michezo mitano yenye maandishi yako pembeni, si ya injini. Watoto hawajambo, dada yako anakusalimu, na anasema zima simu saa nne usiku.