Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kyela: tuonyeshwe mito ilikopita

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Juzi kijana mmoja alikuwa anachimba kisima nyuma ya nyumba ya mama yangu mdogo, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka Mto Mbaka. Nilisimama pembeni nikitazama udongo unavyotoka. Kwanza ulitoka mweusi, huu tunaopandia mpunga. Ukafuata mchanga wenye kokoto za mviringo zilizolainishwa na maji. Kisha udongo mweusi tena, halafu mchanga tena. Karibu na maji zikatoka changarawe za kijivu, nyepesi kama gunzi la mahindi. Nilizitia kwenye ndoo ya maji, zikaelea.

Changarawe zile zilirushwa na volkano. Na mchanga ule haukufika pale kwa upepo: mto ulipita nyuma ya nyumba ya mama mdogo, ukahama, ukarudi, ukahama tena. Leo eneo hilo limepimwa viwanja.

Ndiyo sababu nakuandikia, nikiamini kwamba wewe ndiye unayeweza kuwaita mezani watu wa ardhi, wa maji na wa maafa kwa siku moja.

Tambarare yetu imejengwa na mlima. Kilele cha Rungwe kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na fukwe za Ziwa Nyasa ziko chini ya mita 500. Kati yake hakuna hata kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Huko juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo inanyesha kwenye majivu ya zamani ambayo yakiachwa wazi bila miti huchukuliwa kama unga. Mto Kiwira unashuka kwa kasi, unapasua miamba ya volkano pale Daraja la Mungu na Kijungu, ambako wageni huenda kupiga picha. Ukifika kwetu, mteremko unakwisha ghafla. Maji yanapunguza mwendo na kutua mzigo wote yaliokuja nao. Kitanda cha mto kinainuka mwaka hadi mwaka, hadi siku moja kingo zinakuwa juu kuliko mashamba ya jirani, na mto unatafuta njia nyingine. Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote ina tabia hiyo. Songwe nayo imehama mara nyingi kiasi kwamba nchi mbili, sisi na Malawi, zililazimika kukaa pamoja kwa sababu mpaka ulikuwa unahama na mto. Na bandari ya Itungi, kila mvuvi anajua mchanga ulivyoisumbua.

Sisemi mafuriko ni laana. Bila mafuriko ya karne na karne kusingekuwa na mchele wa Kyela unaotafutwa hadi Dar es Salaam, wala kakao. Wazee walilijua hilo, wakajenga kwenye miinuko na kuacha mabonde kwa mpunga na malisho. Ukiwauliza watakuonyesha kwa kidole: pale palikuwa mto nilipokuwa mdogo, pale tulivuka kwa mtumbwi.

Familia yetu ilinunua kiwanja mahali kama hapo. Tulionyeshwa mawe ya mipaka, tukapewa karatasi, na hakuna aliyetutajia kwamba kile kibonde chenye matete kilikuwa mkondo. Mvua za Aprili zilipokolea, maji hayakuja kutoka mtoni. Yaliibuka kwenye kibonde chenyewe, usiku, yakafika usawa wa kitanda. Tuliokoa watoto na godoro moja. Magunia sita ya mpunga yalichipua ndani ya nyumba. Simlaumu mtu kwa jina, maana aliyetupimia huenda naye hakuambiwa.

Ninachoomba zaidi ya vyote ni ramani ya njia za zamani za mito hii. Picha za anga za miaka iliyopita zinaonyesha mikondo hiyo waziwazi, na wazee wapo wa kuthibitisha kabla hawajaondoka. Ichorwe kijiji kwa kijiji, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, na kiwanja chochote kisiuzwe kabla mnunuzi hajaonyeshwa. Sheria ya mazingira imeshaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini hapa kwetu ukingo wenyewe unatembea. Mita 60 kutoka wapi?

La pili ni dogo na halina gharama kubwa. Mafuriko ya Kyela huanzia Rungwe. Mvua kubwa ikinyesha huko juu Tukuyu, maji yanahitaji saa kadhaa kutufikia, na kila mtu huku ana simu. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi hapo hapo Tukuyu. Awepo mtu mmoja wa kupiga simu kwa watendaji wa kata, nao wapige ngoma au king'ora, watu wahamishe watoto kabla giza halijaingia.

Masika hayako mbali. Kisima cha mama mdogo kimekamilika na maji yake ni matamu. Siku ukipita upande wa Ipinda, karibu uone udongo uliotoka humo. Tumeuacha umerundikwa kwa tabaka zake, hatujaufukia.

Ndaga fijo, asante sana, Mheshimiwa.

Mkazi wa tambarare ya Mbaka, Kyela