Kabla hujajitolea kulinda mikoba

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi ni mzima, isipokuwa ngozi ya mgongo inabanduka, na sababu yake utaikuta humu ndani. Tangu tuongee kwenye simu juzi sijatulia. Ulisema wenzako wa kazini wamepanga safari ya siku moja ya kisiwani, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na kwamba wewe umeshakata shauri: boti utapanda, lakini wao wakishuka majini utabaki juu ulinde mikoba yao. Sikukujibu, maana sikutaka tubishane kwenye simu. Sasa nabishana kwa maandishi, nawe huna pa kunikatiza.

Hofu yako naijua. Tuliipata siku moja, mimi na wewe, tukiwa watoto, maji yalipotufika kidevuni na hakuna mkubwa aliyekuwa karibu. Miaka yote hii nami nimekuwa nikikaa ufukweni, miguu ndani, kiwiliwili nje. Mwezi uliopita nilikwenda kisiwani na nikashuka majini. Nataka ujue yote yaliyonipata, hata lile ninaloona haya kulisema.

Kwanza, wanachokwenda kufanya wenzako si kuogelea, ni kuelea. Unalala kifudifudi juu ya maji, umevaa miwani inayofunika macho na pua, mrija mdomoni, jaketi okozi kifuani. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo inakubeba kuliko maji ya mto yale yaliyotutisha. Ukiwa na jaketi, hata ukitaka kuzama huzami. Hakuna anayekudai upige mikono.

Sasa nikueleze langu. Boti ilipofika kwenye miamba, walitoa kapu la miwani na mirija, kila mtu akachukua aliyoikuta. Hakuna aliyetueleza kitu. Nilivaa haraka, nikashuka ngazi, nikatumbukiza uso. Maji yakaingia puani papo hapo. Nikapaliwa, nikatapatapa, nikasahau kwamba nina jaketi, nikahisi kitu kigumu chini ya miguu, nikakikanyaga na kusimama. Kilivunjika. Nilikisikia kupitia pezi nililovaa mguuni, kama kijiti kikavu kinavyokatika.

Nilipotulia na kutazama chini, niliona tawi la tumbawe limelala mchangani, na pale lilipokatika paling'aa weupe. Swahiba, tumbawe si jiwe. Ni maelfu ya vinyama vidogo vinavyoishi pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa, kila kimoja na mdomo wake na minyiri yake. Yale yenye matawi yanaweza kukua sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini yale ya mviringo, makubwa kama meza, mengi huongezeka sentimita 1 au pungufu. Lile nililolivunja lilikuwa na urefu wa mkono wangu. Limekua miaka mingapi, mimi nikalimaliza kwa kukanyaga mara moja! Nimeliwaza sana tangu siku ile, na ndiyo maana barua hii ni ndefu. Bahari siku ile ilikuwa shwari, wala haikuwa na kosa lolote. Kilichovunja ni hofu yangu, na hofu ile ingeisha nyumbani, kwenye beseni, kabla sijaiona boti.

Basi nakuomba ufanye hivi. Chukua miwani, iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua. Ikiganda usoni yenyewe hata ukiondoa mkono, inakufaa. Ikidondoka, tafuta nyingine. Kisha tazama nywele, maana ndizo zilizonimaliza mimi: uzi mmoja tu ukipita chini ya ule mpira unaobana uso, maji yanapata njia. Wewe mwenye kusuka, zifunge zote nyuma, na usikaze mkanda kwa kudhani ndio unaozuia maji. Ukiukaza sana mpira unajikunja na kuvuja zaidi. Ndani ya kioo temea mate, sugua, suuza kidogo. Utaona kinyaa, lakini kioo hakitashika ukungu.

Halafu jaza beseni, inama, uso ndani, mrija mdomoni. Pumua. Mwili utakataa mwanzoni, utataka kuinuka, maana umezoea kwamba uso ukiingia majini pumzi hufungwa. Usishindane nao. Shughulikia kutoa pumzi tu, uitoe polepole mpaka iishe, na ile ya kuingia itakuja bila kuitwa. Mimi nilipokuwa napaliwa nilikuwa navuta tu, navuta tena, bila kutoa. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza kwa nguvu mara moja, puu, kama unayezima taa, yatarukia juu. Rudia hilo la kupuliza mpaka ulizoee, maana ndilo litakalokuokoa na kutapatapa. Na usitamani mrija mrefu ili uwe mbali na mawimbi. Hewa uliyoitoa hubaki humo ndani ukaivuta tena, na ukishuka chini hata mita 1 tu, maji yanakubana kifua usiweze kukipanua. Ndiyo maana yote ni mifupi, sentimita 30 au 40 hivi.

Jambo moja nakukataza kabisa, hata ukiwaona wenzako wakilifanya kwa kushindana: usivute pumzi nyingi nzito mfululizo ili upige mbizi ukae sana chini. Kufanya hivyo hakuongezi hewa ya maana mwilini, bali kunaondoa ile hewa chafu ambayo kwa kawaida hukulazimisha uinuke kupumua. Mtu anazimia chini bila kuhisi dalili. Wengine wamekufa hivyo wakiwa hodari wa kuogelea. Wewe baki juu. Mazuri mengi yako juu juu, palipo na mwanga.

Baada ya mkasa wangu nilirudi kwenye ngazi, nikaketi, nikazifunga nywele upya, nikashuka tena, safari hii nimeshika boya la duara ambalo mwongozaji alikuwa akilivuta. Niliweka uso ndani. Nikatoa pumzi. Nikasubiri.

Sijui nianzie wapi. Kitu cha kwanza ni kwamba kila kitu ni kikubwa na kiko karibu, kwa sababu mwanga ukitoka kwenye maji kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo hupinda, na samaki anaonekana mkubwa kwa karibu theluthi moja kuliko alivyo. Nilinyoosha mkono nikadhani namgusa, kumbe yuko mbali. Kitu cha pili ni sauti. Nilidhani chini kutakuwa kimya kama kaburini, lakini kulikuwa na mlio wa kukwaruza, kra, kra, kra. Walikuwa pono, wale samaki wa kijani na buluu wenye mdomo kama wa kasuku, wakikwangua mwani kwenye miamba. Wanameza na chokaa yenyewe, wanaisaga, kisha wanaitoa ikiwa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mchana ule, nilipolala kwenye mchanga mweupe wa kisiwa, niliushika mkononi nikajua sehemu yake ilipita matumboni mwao. Nikauheshimu mchanga, swahiba. Sikuwahi kufikiria kama mchanga una wazazi.

Jambo nililolipenda kuliko yote nililipata kwa kutofanya lolote. Wenzetu walikuwa wakikimbizana na samaki, wakipiga mapezi, wakiinuka kuulizana nani kaona nini. Mimi, kwa woga tu, sikuthubutu kusogea. Nikaelea juu ya mwamba mmoja dakika kumi, labda kumi na tano. Mwanzoni niliona mwamba mtupu. Kisha kwenye tundu likatokea jicho, kisha mkono wa pweza, akanitazama, akabadili rangi akafanana na mwamba, nikampoteza huku namwangalia. Kwenye minyiri laini iliyokuwa ikiyumba kama nyasi kulikuwa na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Mkubwa wao ni jike, na akifa, dume lake hugeuka kuwa jike na kushika nafasi. Mmoja alitoka akanisogelea hadi karibu na kioo, kidole kizima hakifikii, akinifukuza niondoke kwake. Kisha akapita kasa. Hakuharakisha. Akapanda juu, akatoa kichwa, akavuta pumzi, hewa ileile niliyokuwa naivuta mimi kwa mrija wangu, akashuka zake. Nililia ndani ya miwani. Ukimwona, mwachie nafasi ya mita kadhaa na usimkatize njia ya kupanda juu, maana naye anahitaji kupumua kama wewe.

Sitakuficha na lile lililoniumiza. Upande mmoja wa mwamba ulikuwa mweupe pee, mzuri kwa macho ya asiyejua. Nami ningeusifu kama mwongozaji asingenieleza. Matumbawe hupata rangi, na sehemu kubwa ya chakula, kutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao. Bahari ikizidi joto la kiangazi kwa nyuzi 1 tu na likadumu wiki kadhaa, matumbawe huufukuza mwani huo na kubaki meupe hivyo, hai bado, lakini wana njaa. Maji yakipoa mapema hupona. Yasipopoa hufa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka kwa mara ya nne duniani kote. Kusoma nilikuwa nimesoma, lakini kuelea juu yake ni kitu kingine. Nilihisi kama nimeingia wodini.

Kwa hiyo hata krimu ya jua ifikirie. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali za kuzuia jua zinazodhaniwa kudhuru matumbawe, ikaanza kazi Januari 2021, na nchi ya visiwa ya Palau ikawa imetangulia kuzizuia mwaka 2020. Mimi nasema vaa fulana ya mikono mirefu, yatosha. Mimi sikuvaa. Maji yalinipoza mgongo saa nzima huku jua likiniunguza, sikuhisi kitu mpaka usiku.

Ya ufukweni nitayapitia haraka, hayo huhitaji kushawishiwa. Kuna mpira wa wavu, kuna vimtumbwi vya kupiga kafi vya watu wawili, na vyombo vya injini vinavyovuma vikizunguka kisiwa. Chagua kafi. Ile mivumo ya injini inaharibu mahali palipokuwa patulivu, na aliye majini na uso chini haoni chombo kinachomjia. Maji yakipwa, fungu la mchanga hutokeza na unaweza kutembea katikati ya bahari, lakini vaa viatu vya mpira, maana kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye majani ya bahari. Kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, usimtoe majini ili upigwe naye picha. Na makombe mazuri yaache, mengine ni nyumba ya kaa asiye na gamba la kutosha, na konokono wengine wenye kombe la umbo la pia ya kuchezea wana mwiba wa sumu unaoweza kuua.

Kabla boti haijang'oa nanga, muulize nahodha maswali, usione aibu. Maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi? Mwezi ukiwa mpya au mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka sana na mikondo ina nguvu, kwa mgeni ni bora wiki ya maji mafu. Atafunga boti kwenye boya au atatupa nanga juu ya matumbawe? Na nani anahesabu watu, wakitoka na wakirudi? Hili la mwisho lisisitize. Mwaka 1998, huko kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, boti iliondoka ikawaacha wapiga mbizi wawili, mume na mke, kwa kuwa hesabu ilikosewa. Siku mbili zikapita kabla ya mtu kugundua, na hawakuonekana tena. Wewe hesabu wenzako mwenyewe. Ukiwa majini anza kwenda kinyume cha mkondo, ili ukichoka ukurudishe botini, na usikae mbali na mwenzio.

Ukihisi kichefuchefu njiani, kaa katikati ya boti au nyuma, usiangalie simu, kaza macho pale mbingu inapokutana na maji.

Miwani yangu nimeifungasha pamoja na barua hii. Nilinunua yangu mwenyewe baada ya safari, na uso wako na wangu hupishana kidogo sana. Iweke usoni usiku wa leo bila mkanda, uone kama itaganda. Ikiganda, jaza beseni, kisha unipigie simu ukiwa bado unadondoka maji.

Wako akupendaye siku zote,
Swahiba wako