Usilinganishe Dawa Yako na Mti Mtupu

Mwezi uliopita aliingia ofisini kwetu hapa Mtwara mjini kijana mmoja wa Newala, mkononi chupa ya maji imejaa mafuta meusi ya maganda ya korosho. Vidole vimechunika, kama vya wabanguaji wengi. Alikuwa amechemsha na kuchanganya mpaka akapata dawa ya mchwa. (Nasimulia kwa ruhusa yake, fomula inabaki kabatini.) Alitaka hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichovumbua, na dai alilojiandikia (maelezo ya kile anachotaka kilindwe) lilikuwa mstari mmoja: "Nadai dawa yoyote ya mchwa itokanayo na ganda la korosho."

Lisingefika mbali. Mafuta hayo watu wanapaka nguzo tangu zamani. Ili upewe hataza (si hakimiliki, hiyo ni ya vitabu na nyimbo), kitu kiwe kipya, kifae viwandani, kiwe na hatua ya uvumbuzi. Hapo kwenye la tatu ndipo wengi wanapokwama: je, mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo, akiyajua yote yaliyokwisha chapishwa, asingefika hapo mwenyewe?

Ganda la korosho lina asidi anakadiki. Likipata moto, asidi hiyo hupoteza kaboni dioksidi ikawa kardanoli, ambayo viwanda vinaijua vizuri, mpaka kwenye breki za magari imo. Kijana wetu aliiongezea kardanoli tawi dogo, yaani kikundi kidogo cha atomu. Mkaguzi wa maombi ya hataza atamuuliza: kubadili tawi moja tu, ajabu iko wapi?

Mahakama za Marekani zilijibu swali hilo mara mbili mwaka 2007. Kampuni ya dawa ya Pfizer walishindwa kesi ya hataza kuhusu chumvi ya besilati (umbo mojawapo la kikemia) ya amlodipini, dawa ya presha, kwa kuwa kujaribu chumvi zinazojulikana ni kazi ya kawaida ya maabara. Kampuni ya Takeda walishinda kuhusu pioglitazoni, dawa ya kisukari: kampaundi (mchanganyiko wa kikemia) ya zamani iliyofanana nayo ilikuwa imeripotiwa kuwa na madhara, kwa hiyo mtaalamu asingekuwa na sababu ya kuanzia pale.

Basi nikamwomba daftari la vipimo. Alikuwa na nguzo mbili tu: moja ina dawa, nyingine mti mtupu. Hapo nilicheka kidogo, naye akanuna. Mti mtupu hausaidii kitu. Mshindani wake ni kardanoli ya kawaida, kitu cha zamani kilicho karibu naye kuliko vyote. Dawa yake ikiishinda kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia, hapo tuna hoja.

Madai tunayapanga kwa ngazi. La juu linabeba familia nzima: kiini kimoja, na nafasi inayoweza kukaliwa na methili, ethili au propili, matawi madogo ya kaboni. Mtindo huo unaitwa Markush, kwa jina la Eugene Markush aliyepata hataza ya rangi Marekani mwaka 1924. Chini yake tunaweka kundi dogo, kisha kampaundi moja yenye vipimo bora, kisha namna ya kuitumia. La juu likianguka, ya chini yanaweza kusimama. Ila ukitengeneza kampaundi mbili usidai elfu kumi.

Sasa Newala kuna nguzo tatu ardhini: tupu, ya kardanoli, na ya dawa yake. Na wewe ukija, njoo na daftari lenye tarehe. Sampuli usizigawe Nanenane pale Ngongo kabla maombi hayajapokelewa BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza.