Waliombuni Superman wana majina

Mhariri,

Makala yenu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu niliisoma kwa hamu, maana mimi ni mchoraji wa katuni na riziki yangu hutoka kwenye kalamu na wino. Kampuni mmezitaja, filamu mmezitaja, hata mapato yake. Waliowabuni mashujaa wenyewe hayumo hata mmoja.

Superman hakuzaliwa studio. Ni kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Marekani, waliosoma sekondari moja: Jerry Siegel akiandika, Joe Shuster akichora. Wote ni watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na miaka ile uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Superman wao wa mwaka 1933 alikuwa jamaa mwenye kipara, tena katili. Wakamgeuza mwema, wakahangaika naye kwa wachapishaji, wakikataliwa. Mwaka 1938 akatoka katika toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics, bei yake senti 10. Walilipwa dola 130 wagawane, na kwa saini zao wakawa wamemwachia mchapishaji shujaa mzima mzima.

Hadithi yenyewe haina jeshi la sayari nyingine wala majengo yanayoporomoka. Superman anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa. Anamvamia mwanamume anayempiga mkewe. Yule bwana anachomoa kisu, kisu kinavunjika kwenye ngozi ya Superman, bwana anazimia! Kisha anamkwapua mtu anayekula njama na seneta na kukimbia naye juu ya nyaya za simu. Kupaa angani alikuwa bado hajui. Alichupa tu, kama mita 200 hivi. Mtetezi wa walalahoi, kwa ufupi. (Ya kuficha sura na kuishi maisha mawili, Zorro, shujaa wa hadithi mwenye barakoa, alishayafanya tangu 1919.)

Siegel na Shuster walipodai haki yao mahakamani mwaka 1947, walipoteza kazi na majina yao yakafutwa kurasani. Shuster akaja kupungukiwa na uwezo wa kuona. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiwa njiani, wachoraji wenzao walipiga kelele magazetini mpaka kampuni ikakubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina.

Bill Finger, mwandishi aliyeshiriki kumbuni Batman, hakufika huko. Mchoro wa kwanza wa Batman, wa Bob Kane, ulikuwa na nguo nyekundu, mabawa magumu mgongoni na kibarakoa cha macho tu. Finger ndiye aliyeshauri rangi ya kijivu, joho, na kofia yenye masikio ya popo, akaandika na hadithi ya kwanza ya mwaka 1939. Sifa zote zikaenda kwa Kane, kimkataba. Finger alifariki mwaka 1974. Kutajwa rasmi kulianza 2015. Mimi hili bado linanikera.

Mmeahidi sehemu ya pili, na nadhani itamhusu Captain America, shujaa mwingine wa katuni. Jalada lile anapomtandika Hitler ngumi ya taya, lililoingia sokoni takriban mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, ni la Jack Kirby na Joe Simon. Mkilichapisha, majina hayo mawili yanaenea katika mstari mmoja chini ya picha.

Mchoraji katuni, msomaji wenu