Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: mashine ya kupima umeme wa moyo (ECG) ihamie chumba cha dharura

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi wa dharura katika hospitali ya wilaya. Nakuandikia kuhusu wagonjwa waliomeza kwa mkupuo dawa za magonjwa ya akili, hasa amitriptilini, dawa ya sonona.

Mgonjwa huyu hudanganya macho. Anafika anaongea, mdomo umemkauka, mboni zimetanuka, mapigo yanakwenda mbio. Tunamtundikia dripu, tunamwambia ndugu yake asubiri nje. Kumbe amitriptilini inaziba njia ambazo sodiamu hupitia kuingia kwenye seli za moyo, na umeme wa moyo unaanza kusuasua. ECG peke yake ndiyo inayoonyesha hilo mapema: QRS, yaani alama ya umeme unaposambaa kwenye vyumba vya chini vya moyo, inapanuka. Ikizidi milisekunde 100, degedege linaweza kuja. Ikizidi 160, moyo unaweza kuvurugika wakati wowote. Hatari kubwa iko kwenye saa sita za kwanza, na tiba ni sodiamu baikaboneti ya mshipani, dawa ya siku nyingi isiyo na makuu.

Haloperidoli na klopromazini, nazo dawa za magonjwa ya akili, hurefusha QT, yaani muda ambao umeme wa moyo huchukua kuanza na kutulia tena katika kila pigo, na mapigo yakivurugika hapo tunahitaji magnesiamu salfeti. Hiyo tunayo! Iko wodi ya wazazi kwa ajili ya kifafa cha mimba, lakini usiku nani anakumbuka kwenda kuiomba huko?

Hospitali niliyofanyia kazi zamani, mashine ya ECG ilikaa kliniki ya presha. Saa tisa na nusu alasiri mlango ulifungwa, na mwenye funguo akaenda nazo kwake. Waliomeza vidonge walikuja usiku.

Naomba waraka. ECG ikae dharura saa zote, ipimwe mgonjwa anapofika na irudiwe, na asiruhusiwe kabla ya saa sita hata kama anatania wauguzi. Baikaboneti iwe kwenye toroli la dharura.

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hakiko mikononi mwako. Ila kwa kuogopa polisi ndugu hutuambia ni malaria, nasi tunapoteza muda. Waraka useme wazi kwamba tunauliza vidonge ili tutibu.

Na uanze na sisi wa wilayani. Mgonjwa mwenye QRS pana akipewa rufaa bila kuanzishiwa baikaboneti, safari nzima ya gari la wagonjwa inakuwa bahati nasibu.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa dharura